Usiitike Mwito wa Kwanza

Neema, mjukuu wangu anayefanya kazi ofisini kule Bukavu, alikuja kwangu Idi iliyopita na simu isiyojua kunyamaza. Tunakula, inalia. Tunasali, inatetemeka ndani ya mkoba kama kuku aliyefungwa miguu. Nikamuuliza ni nani anayemtafuta hivyo hata siku ya sikukuu.

"Ni ma-mail, Bibi," akasema. "Iko mingi sana. Nikijibu moja, ingine inaingia. Itaniua."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Si kwamba namdhihaki mtoto wa watu. Ni kwamba mimi nawajua watu ambao barua pepe iliwaua kweli, na wengine wao bado nawasalimu sokoni.

Kabla hajaondoka alinitengenezea simu yangu, maana mimi hupokea tu, kufuta sijui. Akapita huku na huku, akanionyesha ujumbe mmoja ulioingia wiki ile. Juu yake jina la Mzee Ramazani. Ndani, maneno mawili tu: "Mwamini, uko?"

Mwamini ni mimi. Mzee Ramazani ndiye aliyenifundisha kazi, na amezikwa zamani. Nilikuwa uani kwake wakati wanaume wanambeba, na mvua ilikuwa inanyesha hivi kwamba tuliona tope likipanda mpaka kwenye kanzu zao.

"Usijibu, Bibi," Neema akasema. "Ni bezi. Bameiba adresi yake."

Nikamwambia sitajibu. Lakini si kwa ajili ya wezi. Ni kwa sababu ameita mara moja tu.

Ninyi mliozaliwa Uvira hamhitaji kuelezwa, ila najua siku hizi mnasoma mbali na mnasahau. Kwetu, ukisikia jina lako likiitwa na humwoni anayeita, huitiki. Unangoja. Likirudi mara ya pili, ndipo unasema niko. Bibi yangu alisema mzimu ana pumzi ya mwito mmoja tu, lakini mtu hai ataita mpaka umchoke. Ndiyo maana sokoni Mulongwe watu huitwa kwa jozi, Furaha, Furaha! Asha, Asha! Mgeni hudhani sote ni viziwi. Wakatoliki wa bonde la Ruzizi wanashika hivyo, sisi Waislamu wa mjini tunashika hivyo. Padri akisema ni ushirikina, shehe akisema ni ushirikina, tunaitikia amina, kisha tunangoja mwito wa pili.

Vita vikaongeza sababu nyingine. Kulikuwa na watu waliofika alfajiri nje ya nyumba, wakaita jina la mwenye nyumba mara moja, tena kwa upole. Waliokuwa wepesi wa kuitika hawakurudi. Baada ya hapo hata wasomi waliokuwa wakitucheka waliacha kucheka.

Sasa kazi yenyewe. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili karibu na mto Mulongwe, mto ambao ukikasirika huingia bila hodi. Tulikuwa na kompyuta moja, betri za gari zilizochajiwa na jua, na antena juu ya bati. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, kulikuwa na kompyuta ya pili na mwenzetu Salome. Waliokimbia walimtajia Salome maneno yao, yeye akayapiga chapa, barua ikavuka ziwa kwa hewa na kufika kwangu. Mzee Ramazani akatoka barazani, akaita jina, na mwenye jina akaja dirishani nimsomee. Karatasi ya kuchezea hatukuwa nayo. Watu walituita Ofisi ya Salamu.

Jina hilo tulilipata kihalali. Barua pepe ina mahali pa kuandika kichwa chake, ndivyo mnavyojua. Salome alipowauliza watu aandike nini pale, walimshangaa: barua inaanza na nini kama si salamu? Basi zote ziliitwa Salamu. Asubuhi nikifungua, ni Salamu, Salamu, Salamu, kutoka juu mpaka chini, na humo ndani kuna aliyezaa, kuna anayetafuta dawa ya jicho, na kuna anayesema Mama ametuacha.

Nilipoanza nilisoma kila barua tangu bismillahi mpaka mwisho, na jioni nilikuwa sijamaliza hata robo. Mzee Ramazani alikuwa fundi wa phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, kabla ya kompyuta kuja. Maisha yake yote alikuwa na kisikilizio kwenye sikio moja, na sikio la pili likitafutwa na mkewe. Akaniambia, "Weye Mwamini, soma kutoka ku mkia. Bantu betu banasalimia mpaka mbuzi. Jambo yenyewe iko chini." Na kweli, mwanamume mmoja alimsalimia beberu wake kwa jina kabla ya kumsalimia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amesimama palepale dirishani. Sijawahi kusoma barua kwa sauti ndogo kama siku ile.

Shikeni na hili: tarehe msiiamini upesi. Mapigano yakipamba moto milimani, rezo, yaani mtandao, inakatika, ziwa linakuwa bubu, halafu siku moja barua zote zinamwagika pamoja, mpya juu na kuukuu chini. Mimi nimewahi kusoma mazishi ya mtu, kisha ugonjwa wake, kisha yeye mwenyewe akanieleza kwamba anaendelea vizuri na anatamani ndagala, wale dagaa wa Uvira. Mke wake alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudie hiyo ya ndagala tu, hizo nyingine niziache.

Mbele ya ngazi zetu alikaa mama mmoja muuza karanga. Tulimwita Mama Kalanga, na vita vilikuwa vimetufundisha kutoulizana majina sana. Historia yake ilijulikana. Siku risasi zilipoingia mjini alikuwa ameenda Kamanyola kununua maharage. Mumewe alikuwa ufukweni, akasombwa na waliokuwa wakipanda mitumbwi. Baadaye mpita njia akamwambia amemwona kambini, basi mama huyu akahamishia biashara yake kwetu ili awe karibu na masikio. Tulimwambia kama tulivyowaambia wote: kaa, usikie jina lako likiitwa.

"Bwana yangu ataniita tu," alikuwa akisema huku anakunja karatasi za karanga. "Akiniita, navuka. Asiponiita, nitavuka naenda kwa nani?"

Watu wa Bijombo, kule milimani, walipoanza kushuka na mizigo kichwani, na wengine kuvuka ziwa, barua ziliongezeka mpaka betri zikawa zinakufa kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa naota nasoma. Chef Gaston, mkuu wetu, mtu wa Kisangani mwenye roho nzuri, alituita tukashauriana. Mzee Ramazani, ambaye zamani aliadhini msikitini kwao na sauti yake ilifika mpaka bandarini Kalundu, alikuwa amebaki na sauti ya chura.

"Tuite kila muntu mara moja," Chef Gaston akasema. "Akikosa, mesaje inarudi."

Mimi nikakubali. Mzee Ramazani akakubali pia, akasema koo lake lilikubali kabla yake. Na kwa sababu ya koo hilo akaacha kutoka nje, na watu hatukuwaeleza. Alikaa ndani nyuma ya pazia na kikombe cha chai ya tangawizi, akaita jina kupitia dirisha, mara moja, akangoja kidogo, kisha akanigeukia: "Hayuko." Nami nikaandika Hayuko, nikairudisha barua kwa Salome.

Ninyi mnaosifu kisanduku cha barua kitupu, nisikilizeni. Siku chache tu tulikimaliza. Chef Gaston alinunua soda tukanywa, na mimi nikalala usingizi wa mtoto.

Ila baraza lilibadilika. Watu waliokuwa wakikaa hapo wakipiga soga tangu asubuhi walianza kuondoka mapema, mmoja mmoja, bila kuaga. Asubuhi moja nikakuta majivu yamenyunyizwa kwenye ngazi. Mwanamume mzima, fundi seremala, akaja na hirizi mpya shingoni, akakaa huku ameishika. Mama Kalanga akahamisha kikapu chake kutoka mbele ya ngazi akakipeleka ng'ambo ya barabara, na nilipomuuliza kama tumemkosea, alinitazama kama mtu anayepima kama nina kivuli. Uso wake ulikuwa umepauka.

Kisha zikaja barua ambazo hazikuitwa Salamu. Ziliitwa Poleni.

Nilifungua ya kwanza: poleni kwa msiba wa Mzee Fulani. Ya pili, poleni kwa Bi Fulani. Moja baada ya nyingine, kambi nzima ilikuwa inalia. Nikadhani kipindupindu kimeingia huko. Nikasoma tena taratibu, na nikaona kwamba wafu wote walikuwa wa upande wetu, wa Uvira, na mimi sikusikia kilio hata kimoja mtaani. Moja iliandikwa: "Kwa jamaa ya Feza Mapendo wa Mulongwe. Tumelia naye mumewe Kashindi. Mungu amlaze pema."

Mzee Ramazani alikuwa ameenda kuswali. Nikatoka mwenyewe barazani. Sikuita jina, niliuliza tu.

"Nani hapa ni jamaa ya Feza Mapendo?"

Halafu ng'ambo ya barabara Mama Kalanga akasimama, karanga zikimwagika kutoka kwenye kanga yake.

"Feza njo minye," akasema.

"Feza Mapendo wa Mulongwe? Bwana wako ni Kashindi?"

"Ni minye mwenyewe. Kuko nini?"

Nilikuwa nimetoka kusoma rambirambi zake, na yeye alikuwa amesimama mbele yangu na vumbi la barabara miguuni. Nikamuuliza kwa nini hakuitika, kwa maana jina lake tuliliita, na si siku moja.

"Ni weye ulikuwa unaniita?" Akajishika kifua. "Nilisikia jina mara moja. Sauti ya kukwaruza, muntu sikumuona. Kesho yake tena, mara moja. Nikasema ni mizimu, pengine Kashindi amekufa kule, ananiita nimufuate."

Yule seremala akaishika hirizi yake. "Na minye," akasema polepole.

"Na minye," akasema bibi mmoja aliyekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Na kijana wa baiskeli. Na mama mwenye pacha. Baraza zima watu waligeukiana, kila mmoja akigundua kwamba jirani yake naye aliitwa na wafu akanyamaza, kwa sababu mambo hayo ukiyasema unayaita tena. Walikuwa wanaketi pale siku zote hizo na hofu yao, kila mtu na yake. Na ng'ambo ya ziwa neno Hayuko lilikuwa limesomwa kama linavyosomwa wakati wa vita. Nani angedhani maana yake ni kwamba mtu amekaa barazani anangoja aitwe tena?

Mzee Ramazani aliporudi tukamweleza, alikaa chini, akavua kofia. "Nimekuwa mzimu ningali na meno," akasema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Tukaandika usiku na mchana, kama mnavyosema, ingawa kwa kweli ni mchana tu, betri hazikuruhusu usiku. Wengi walifufuka upesi. Mzee mmoja alifufuka akakuta wanawe kambini wamekwisha gawana kanzu zake, akadai zote, hata iliyochanika. Lakini kwa Kashindi mkewe hakufufuka. Salome akanijibu kwa ukali: "Ninyi wa Uvira, mnanitisha watu. Kashindi amenyoa kichwa, amekaa matanga. Nilipomsomea kwamba Feza anamsalimia, aliacha viatu vyake hapa mlangoni akaenda zake. Anasema marehemu mke wake amemwita mara moja na hataitika. Na anasema atahama na wanaopelekwa kambi nyingine, bara, mbali na ziwa."

Feza alisikiliza yote. Kashindi akienda bara, basi ni kumpoteza mara ya pili, na safari hii yeye akiwa ndiye aliyekufa. Nikaanza kuandika barua ndefu ya kueleza. Mzee Ramazani akanishika mkono.

"Usimusalimie. Marehemu banasalimia sana. Mwite tu."

Feza akasogea dirishani. "Andika jina yake tu," akaniambia. "Tuma. Halafu tuma tena, hivyohivyo."

Nikaandika Kashindi. Nikatuma. Nikaandika Kashindi. Nikatuma. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kutuma barua bila salamu, na nilihisi kama nimetoka nje bila kujitanda.

Jibu halikuja. Tukangoja siku hiyo na zilizofuata. Halafu milio ikaanza juu ya mji, kwenye vilima, kwanza mbali kama mtu anayetwanga, kisha karibu. Chef Gaston akasema tufunge, mitumbwi ilikuwa inajaa Kalundu na kesho labda hakuna. Jirani zake Feza wakaja kumvuta: twende. Naye akawauliza lile swali lake la siku zote. Kama Kashindi hajamwita, anavuka kwenda kwa nani? Kwa mtu atakayemkimbia?

Nilikuwa na mkono kwenye swichi ya kuzima. Kompyuta ikatoa kile kimlio chake. Barua moja iliingia, na kichwa chake hakikuwa Salamu wala Poleni. Kilikuwa Feza. Nikaifungua, na ndani hakukuwa na kitu. Nikangoja nyingine. Taa ya rezo ikapepesa, ikazimika.

"Amekuita," nikamwambia. "Mara moja."

Wanawake wote barazani wakapiga kelele kwamba asiitike. Ngoja ya pili, Mama Kalanga! Kambini kuna kuhara, kuna homa, unajua kama angali hai? Mimi pia niliogopa, niseme kweli, nilitaka angoje. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimebaki na lile jina peke yake, na milio ya vilimani ilikuwa imesimama kidogo, kimya ambacho ni kibaya kuliko milio.

Feza akakifunga kitenge kiunoni. Akaliangalia ziwa, si sisi.

"Minye niko!" akaitika, kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Kashindi, minye niko! Nakuya!"

Karanga zake akatuachia. Akateremka kuelekea Kalundu, na hakuna aliyemgusa, watu walimpisha njia.

Mji ulipotulia tulifungua tena. Kuta zilikuwa na matundu lakini antena ilisimama. Rezo iliporudi, barua zikamwagika kama desturi yake, na katikati ya Salamu zote nikaona jina Feza. Tarehe yake ilikuwa ya siku ileile, muda mfupi tu baada ya ile ya kwanza. Kashindi alikuwa ameita mara mbili. Mwito wa pili ulikwama hewani wakati wote huo.

Mzee Ramazani akatoka barazani, akasimama ambapo kila mtu anamwona, akaita kama tulivyorudi kuita: "Feza Mapendo! Feza Mapendo!" Ngazi zilikuwa tupu. Akanigeukia, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya lile neno, vilikwisha lizoea.

Nikaandika: "Amekwisha itika. Iko mu njia."

Feza alifika. Salome alituandikia kwamba mtumbwi ulipogusa mchanga Kashindi alikuwepo, kichwa kimeanza kuota nywele, naye alikataa kusogea. Alisimama mbali mpaka mkewe alipomwita mara mbili mbele za watu. Ndipo akaingia majini na nguo zake. Barua ya Feza mwenyewe ilikuja baadaye, na ilianza hivi: "Mwamini. Mwamini." Salamu zikafuata, ndefu, mpaka za kikapu chake cha karanga, ambazo kwa kweli tulikuwa tumekwisha zila.

Kwa hiyo wajukuu zangu, mkizidiwa na barua, someni kutoka mkiani, msiamini tarehe, na msikimbilie kujibu. Anayekuhitaji ataita tena, na wengi, mtaona, hawaiti tena. Lakini msimwandikie mtu Hayuko kwa sababu tu mnataka kisanduku kiwe kitupu.

Ujumbe wa Mzee Ramazani bado uko kwenye simu yangu. Haujaita mara ya pili. Neema amenipigia kuuliza kama nimeufuta, nikamwambia sijui kufuta. Nimekuwa nikiutazama kila nikimaliza chai, na kila nikiutazama namwona Feza anafunga kitenge kiunoni, na wanawake wote wanampigia kelele, na mimi nimo kati yao.

Jana mchana nilivaa miwani, nikaandika neno moja: Niko. Kama ni mwizi, ajue nyumbani kuna mtu. Kama ni yeye, ajue hivyohivyo.